Ndama Mwenye Pua ya Kifungo

Siku usharika wetu wa Chumbageni ulipoonyesha katuni, mwinjilisti alilazimika kumpa nguruwe jina jipya. Ukumbi ulijaa, na nusu ya waliojaa walikuwa majirani zetu Waislamu, kina mama na watoto wao, waliokuja kwa sababu walialikwa, na kwa sababu mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona picha za kuchora zikitembea zenyewe. Basi kwenye kioo cha televisheni akatokea mnyama mdogo wa rangi ya waridi, mwenye pua bapa na matundu mawili kama kifungo cha shati. Mwinjilisti, ambaye ndiye aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza cha kwenye kaseti, akakohoa, akasema, "Huyu ni ndama." Wote tukamtazama ndama. Hakuna aliyebisha, wala aliyecheka. Mgeni uliyemwalika mwenyewe humkwazi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mimi niliyekua nikipanga foleni ya sukari, niliyeona mama akifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, ghafla nikaona mitumba imemwagwa sokoni na deki ya video imeingia kanisani. Muumini mmoja mwenye duka alituazima deki na televisheni. Kaseti aliiacha mgeni wa ng'ambo. Madirisha yalizibwa kwa khanga na mablanketi, jua likiwa bado kali. Nilikaa sakafuni, mbele kabisa, mdomo wazi. Sikujua kwamba rangi nyingi vile zinaweza kukaa ndani ya sanduku.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ndama alikuwa na kiu. Kila akienda na kindoo chake kwenye birika la kunyweshea mifugo, alimkuta fahali amesimama hapo. Fahali alikipiga teke kindoo, kikabingirika hadi kwenye matope, na ndama akarudi kwao analia.

Kisa hicho kilikuwa changu.

Bombani kwetu hawakupanga foleni watu, vilipanga vyombo. Uliacha ndoo au dumu lako, na hilo dumu ndilo wewe. Na kila asubuhi msichana mmoja aliyenizidi madarasa mawili, mwenye mabega ya kubebea magunia, alilipiga teke dumu langu likaanguka kwenye matope, akaweka ndoo yake. "Toa kidude chako, mtoto wa manamba," alisema. Ni kweli baba alikuja Tanga kama manamba, kukata mkonge, kabla hatujahamia mjini. Lakini ukweli ukirushwa pamoja na teke unauma zaidi ya uongo. Na mimi kurudi na dumu tupu nisingeweza. Mama alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, miguu imevimba, na ningerudi mikono mitupu angekwenda mwenyewe kwenye ile sakafu ya bomba iliyojaa utelezi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sikumwambia.

Msichana yule naye alikuwamo ukumbini. Alikaa nyuma yangu, magoti yake yakinigusa mgongoni.

Niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba Mungu ameliona bomba letu akawaagiza watu wa ng'ambo walichore. Ndama akapiga magoti, akasali. Akainuka, akamwendea fahali. Fahali akainamisha pembe.

Umeme ukakatika.

Mgao ulikuwa haujui dini. Ukumbi mzima ulipiga ukelele mmoja. Tukamwomba mwinjilisti atusimulie mwisho, akajikuna kichwa, akakiri kwamba hata yeye hajaiona kaseti yote. Nilitaka kulia kwa hasira. Yaani Mungu anifuate mpaka Chumbageni, kisha aniache kwenye pembe?

Ndipo aliposimama jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi wa Kidigo muuza vitumbua, mkali kama pilipili.

"Basi hichi kisa kilale njaa?" akasema. "N'takimaliza mie. Paukwa!"

"Pakawa!" tukaitikia, Walutheri kwa Waislamu.

"Yule mnyama wenu," akasema, na akamtupia mwinjilisti jicho, "yule *ndama*, alimwendea fahali mpaka puani. Akamwambia, 'Shikamoo, kaka.' Fahali alishainamisha pembe, lakini ana mamaake, kafunzwa adabu. Mdomo ukamtoka wenyewe: 'Marahaba.' Haya, wanangu. Ushaitikia marahaba, ushakuwa mkubwa. Na mkubwa hampigi aliyemwamkia. Akifanya hivyo, hiyo shikamoo ataitapika."

Kesho yake, bombani, niliweka dumu langu. Msichana akaja. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kwenda nyuma nilipomtazama usoni.

"Shikamoo, dada."

Aliyenizidi madarasa mawili tu! Nilijiona nimejishusha mpaka kwenye yale matope. Lakini wanawake wote waliokuwapo bombani walikuwamo ukumbini jana, na wote wakamtazama mdomo. Maji yalifurika kwenye ndoo ya mtu, hakuna aliyeyafunga.

"Marahaba," akasema.

Mguu ukarudi chini. Akatazama dumu langu kama aliyekabidhiwa kitu cha watu. Lilipojaa, akanishika mkono, akanitwika mwenyewe kichwani. Nilitembea hadi nyumbani, hofu imeshaniisha. Neno ninalowaamkia nalo watu wazima tangu najua kusema lilikuwa na nguvu hii siku zote, na mimi sikujua! Mama hakwenda bombani hata siku moja mpaka alipojifungua.

Wiki chache baadaye usharika ukarudia kaseti, na umeme ukakaa. Safari hii dada wa bombani alikaa sakafuni, bega kwa bega nami. Ndama akamwendea fahali. Fahali akainamisha pembe. Akatokea mkulima, akamgombeza fahali, fahali akaomba radhi, wakaimba wote, ikaisha.

Watu walipiga makofi. Dada hakupiga. Alikunja uso, akaninong'oneza sikioni:

"Wamekosea hawa. Mbona hakumwamkia?"