Geji Kumi na Sita

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya chuma nililifanya kwa mdomo. Muuza vyuma aliniuliza najenga nini, nikamjibu, "Geti."

Sikuwa najenga geti. Nilikuwa narefusha tela la wazazi wangu, lile linalovutwa na pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili, kuteremsha ndizi kutoka shambani kwetu, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, hadi barabara kuu. Mama ndiye aliyeziuza pale, na mikungu ilikuwa imezidi nafasi. Aliniomba niongeze jukwaa kwa nyuma, mita moja na nusu. Hakutafuta fundi mwingine, ingawa alijua kuchomelea nilijifunza kwa video za simu, nyuma ya chumba nilichopanga Kijenge.

Niliongopa kwa aibu. Kaunta ilijaa mafundi watu wazima, nikaogopa mmoja wao angesema, "Tela? Nani kakufundisha wewe?" Nikaagiza paipu za mraba, inchi mbili kwa mbili, geji kumi na sita.

"Kwa geti inatosha kabisa," muuzaji akasema.

Mimi nikasikia "inatosha" tu.

Niseme wazi, maana nimelificha muda mrefu: nilidhani geji kumi na sita ni nene kuliko kumi na nne. Namba kubwa, chuma kinene. Kumbe ni kinyume. Kila aliyewahi kuezeka banda la kuku anajua bati la geji thelathini ni jepesi kuliko la ishirini na nane. Hata mimi nilijua. Sikuwahi tu kufikiri kwamba paipu nazo ni hivyo hivyo.

Wiki ile nilihangaika na mambo mengine. Nilipima kona kwa kona mpaka nikachoka. Paipu moja niliikata upya kwa sababu ilipungua milimita mbili. Maungio niliyasaga kwa grainda hadi kidole kikapita bila kukwama popote, kisha rangi nikaipiga mara tatu. Mama alilizunguka tela akicheka.

"Baba yake, njoo uone! Hili la kubeba ndizi au bibi harusi?"

"Bibi harusi si wewe?" baba akajibu. "Panda nyuma tukupeleke."

Akapanda. Tangu siku hiyo akawa anakaa pale pale, kwenye sehemu niliyoongeza mimi, akishikilia mikungu isidondoke.

Safari chache zilikwenda vizuri. Halafu mvua ikachimba mfereji njiani. Gurudumu likazama, likatoka kwa kishindo, na jukwaa likakunjika hapo hapo nilipounganisha. Mama akaanguka, mikungu ikamwangukia. Alivunjika nyonga.

Baba akiwa hospitali na mama, fundi mzee, jirani yetu, alikuja kuliangalia tela. Aliingiza kidole gumba kwenye paipu iliyopasuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Geji ngapi hii?"

"Kumi na sita."

"Mbona hukuchukua chaneli, kama ya fremu yenyewe?" Akagonga fremu ya zamani, chuma kinene chenye umbo la U.

"Nilidhani kumi na sita ni nene."

Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Na weldi yote ukaisaga."

"Ilikuwa na vinundu."

"Vinundu ndivyo vilivyokuwa vinashika, mwanangu."

Akanielekeza nitafute chaneli yenye kimo sawa na fremu, ianzie mbali ndani ya tela, ilale ubavuni mwa ile ya zamani, wala zisiungwe kichwa kwa kichwa. Tulilitengeneza hivyo. Sikuweza kumtazama usoni.

Hospitali nilimwambia mama kila kitu. Akasema, "Usimwambie baba yako. Yeye anajua ni njia iliyoniangusha."

Na kweli baba alijua ni njia. Kila mvua iliponyesha alichukua koleo akaenda kuuziba ule mfereji, peke yake, akiilaani njia. Nilimwona akifanya hivyo misimu miwili. Mara nyingine nilimsaidia, nikiwa kimya, na kila jiwe nililobeba lilikuwa uongo mwingine. Msimu wa tatu nilishindwa. Nilimwambia tukiwa mle mle mtaroni, miguu imejaa tope.

"Si njia, baba. Ni chuma nilichonunua. Mama anajua."

Aliegemea koleo.

"Mama yako anajua tangu lini?"

"Tangu hospitali."

Akainama tena. "Leta mawe hayo," akasema, tukaendelea kuziba.

Hatujalizungumza tena.

Siku hizi kabla sijachagua chuma nataja kazi yenyewe, uzito wa mzigo, na kama kuna mtu atakayekaa juu yake. Nisichokijua nauliza mbele ya watu. Mama anatembea kwa fimbo na hashuki tena barabarani. Nafasi yake ya kuuzia pale ameishika mwanamke mwingine. Ndizi zetu baba anawauzia wanaozifuata shambani.