Bakuli Linajaa, Sajini Anakonda

Kichwa chake chote kimo ndani ya gunia. Kinachoonekana ni mgongo, koti la kazi lililochanika kwapani, na mkono mmoja ulioshika ukingo wa gunia ili lisimwangukie. Anavuta pumzi kwa nguvu, anatulia, anavuta tena.

"Mjomba, chai ya asubuhi haikukutosha?" anauliza mlinzi anayepita na mbwa wake, na wenzake wanavunjika mbavu.

Aliye ndani ya gunia hacheki. Anatoa kichwa, anapangusa vumbi la chakula kwenye nyusi na kukunja uso. "Wameandika ladha ya kuku," anasema. "Ladha tu! Kuku mwenyewe yuko wapi?"

Kwa cheo, mtu huyu ni mtunza mabanda wa kampuni ya ulinzi inayotumia mbwa. Kwa vitendo, ndiye anayepima kama chakula cha dukani kilichoandikwa "kwa mbwa wazee" kinafaa kweli kuliwa na mbwa wazee. Gunia la asubuhi hii ni sampuli mpya, imeletwa na ofisa ununuzi anayetaka jibu haraka. Hapa kila mtu humwita Mjomba, hata meneja aliyemzidi umri, naye Mjomba alishaacha kuuliza undugu huo ulianzia wapi.

Wazee wenyewe wako nyuma kabisa ya uwanja, kwenye mabanda matano ya matofali yaliyopakwa chokaa. Walinzi wamepaita Kiinua Mgongo. Wanaoishi hapo ni mbwa waliostaafu lindo: miguu imechoka, macho yamefifia, meno yamepukutika.

"Mtu akistaafu anapewa kiinua mgongo chake, hata kama ni kiduchu na kinachelewa," anasema Mjomba akitembea kuelekea huko. "Hawa wangu wanapewa bakuli. Basi. Sasa na bakuli lenyewe mnataka kulichakachua?"

Leo hana utulivu, na haifichi hali hiyo. Daktari wa mifugo anakuja. Kampuni ina utaratibu wake: mbwa mstaafu hutunzwa maadamu anakula na mwili wake unashika. Akizidi kukonda, hudungwa sindano ya mwisho. Katika ziara iliyopita Sajini, dume kubwa lenye mvi kuanzia puani hadi machoni, alikutwa ameshuka kutoka kilo thelathini na nne hadi ishirini na saba.

"Daktari aliniambia taratibu, kama anavyosema na mgonjwa," anakumbuka. "Alisema, 'Mjomba, nikirudi nikamkuta hajaongezeka, tusimtese.' Nikaitikia. Ningefanya nini? Lakini roho iliniuma, sikudanganyi."

Sajini aliletwa kwenye mabanda haya akiwa mtoto, na Mjomba ndiye aliyemlisha siku ya kwanza. Ujana wake wote alikuwa na tabia moja iliyowakera walinzi: akimaliza chakula huchukua bakuli la bati kwa meno, analigonga kwenye nondo za mlango mpaka aongezewe au agombezwe. Walinzi waliotoka lindo walishindwa kulala, wakamtukana yeye na Mjomba wake.

Kisha kelele zikakoma. Sajini alikula, akajilaza, tumbo limejaa ndii. Mjomba alidhani ni utu uzima, kwamba mzee sasa anaridhika na anachopewa. Leo akikumbuka anajipiga paji la uso.

Chanzo cha yote ni gunia jingine, la aina ambayo bado imejaa stoo mpaka darini. Ni la rangi ya dhahabu. Mbele yake kuna picha ya mbwa mwenye mvi anayetabasamu, meno yake yote yapo na yanang'aa. Mjomba analivuta moja, analigeuza na kumwomba mtunza stoo amuazime miwani, kwa sababu maandishi ya nyuma ni madogo mno.

"Angalia walivyo wajanja," anasema akifuata mstari kwa kidole. "Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote, na cha kwanza ni nyama na mazao ya wanyama. Mtu anafurahi, kumbe nyama imetangulia! Lakini mazao gani? Ya mnyama gani? Kwato nazo si zao la mnyama? Haya, endelea. Mahindi. Unga wa mahindi. Pumba za mahindi. Wameyakata mahindi mara tatu ili kila kipande kionekane kidogo. Yaunganishe uone kama hiyo nyama itabaki mbele."

Anamrudishia mtunza stoo miwani yake. "Na hii picha? Mbwa mzee gani ana meno kama ya mtangazaji wa televisheni?"

Ukimsikiliza akiunguruma hivyo utadhani gunia hilo lililetwa kwa siri. Hapana. Lilipita mikononi mwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema ndiyo.

Watunza mabanda wana kipimo chao, walichorithishana tangu kampuni ianzishwe. Kwanza chakula hunuswa, kwani mafuta yaliyoharibika hayafichiki. Pili, punje huvunjwa kiganjani. Halafu, kwa kuwa mbwa wazee hawana meno ya kutafuna, punje hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, na hapo ndipo hukumu hutolewa. Chakula kinachofura na kujaza bakuli huhesabiwa kizuri. Kinachobaki chini hudharauliwa.

"Hili la dhahabu lilifura, ndugu yangu, likataka kumwagika," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Nikamwita ofisa ununuzi aje ajionee. Nikamwambia, hiki ndicho chakula."

Aliyemfumbua macho ni mkewe, na hakumfumbua kwa upole. Mama huyo anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na jioni hurudi nyumbani vumbi la unga likiwa bado masikioni. Jioni ya siku ile daktari alipotoa onyo lake, alimkuta mumewe ameketi jikoni, ameshika tama, mbele yake beseni la kuoshea vyombo likiwa limejaa chakula cha mbwa kilicholowekwa.

"Baba, hilo si beseni langu?" aliuliza.

"Niache kidogo, mke wangu. Sajini anakufa na sijui kwa nini. Anakula bakuli zima. Mwili unakwenda wapi?"

Mkewe hakumwacha. Alichota kidogo kwa vidole, akakisugua, akanusa. Kisha akachukua kichujio chake cha jikoni, akamimina beseni lote, akafungulia maji ya bomba. Uji wa kahawia ulikwenda na maji. Kilichobaki kwenye kichujio kilikuwa maganda, rundo zima.

"Pumba," alisema. "Nashinda nazifagia kutwa, halafu nije nizikute na jikoni kwangu? Mume wangu, hii pumba ukiipa maji inafura, ndiyo kazi yake. Unamshibisha mbwa wa watu maji na maganda, halafu unaniuliza mwili unakwenda wapi!"

Mjomba anaisimulia jioni hiyo akitazama pembeni. "Nilijiona bwege. Nilitamani anitukane zaidi. Yule mbwa alikuwa analala na njaa tumbo likiwa limejaa, na mimi nampigapiga mgongoni namwambia, shiba mzee wangu, shiba."

Kesho yake alikwenda kwa ofisa ununuzi kukiri kosa. Mazungumzo hayo bado yanampandisha presha, na anayasimulia kwa sauti zote mbili.

"Mjomba, si wewe ulisema kinafura vizuri?"

"Ni mimi, bosi. Nilikosea."

"Stoo imejaa. Na mbwa vijana tuliwaonjesha, walilamba bakuli likang'aa."

"Mbwa kijana anakula hata kiatu cha mlinzi! Huyo ndiye shahidi wako?"

"Halafu mzee hahitaji nyama nyingi, Mjomba. Figo zitachoka."

Kuhusu figo, ofisa hakulibuni hilo, kwani ni maneno yanayozunguka sana kwa wafugaji. Mjomba naye hakuwa na uhakika, ikabidi wampigie daktari. Daktari alieleza kwamba mbwa mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa chakula chake maalumu, lakini vipimo vya damu ya Sajini vilionyesha figo nzima. Mzee wa namna hiyo, alisema, anahitaji nyama au samaki wa kueleweka, chakula kinachosagika tumboni kwa urahisi, kwa sababu misuli yake inayeyuka haraka kuliko ya kijana.

Ofisa alivuta pumzi ndefu, kisha akakubali gunia moja la chakula kingine. Moja tu, la Sajini, mpaka daktari arudi. Wengine wanne wangeendelea na la dhahabu mpaka stoo ipungue.

Gunia lililochaguliwa lina sura mbaya. Halina picha, rangi yake ya udongo, na nyuma limeandikwa bila mbwembwe: samaki aliyekaushwa na kusagwa, kuku aliyekaushwa na kusagwa, mchele, mafuta ya samaki. Linanuka samaki kiasi kwamba mtunza stoo alitaka lihamishiwe nje. Likilowekwa, halifuri. Punje zinalainika tu na kutulia chini ya bakuli.

Hapo ukazuka ugomvi mpya. Walinzi walichungulia bakuli la Sajini, wakaona nusu tupu, na habari zikaenea kwamba Mjomba anamnyima mzee chakula. Mmoja alimletea mkate kwa siri. Mwingine alimfuata uso kwa uso na kumwambia, "Mjomba, kama umemchoka huyu mbwa, sema."

"Nimchoke mimi?" Mjomba anapandwa na hasira upya, mikono hewani. "Bakuli lilipojaa makapi hakuna aliyesema kitu. Limeingia chakula cha kweli, wote mmekuwa mawakili wake! Watu wanapenda kuona bakuli limejaa. Hata mimi nilipenda. Hilo ndilo linaloniudhi."

Daktari anafika jua likiwa limeshapanda, mkoba wake mweusi begani. Mjomba anauangalia mkoba kabla ya kumwangalia mwenye mkoba. Salamu zinakuwa fupi.

Sajini anatolewa bandani taratibu. Mizani ni ile ya stoo, ya kupimia magunia, na mzee haipendi. Akiwekwa miguu ya mbele, anatoa ya nyuma. Mwishowe Mjomba anampakata, wanapanda wote wawili, daktari anasoma, kisha Mjomba anashuka kumkabidhi mbwa kwa mtunza stoo na kupanda tena peke yake. Daktari anatoa uzito mmoja kwenye mwingine kimyakimya huku midomo ikicheza.

"Tulia basi, Mjomba, unatikisa mizani."

"Sitikisi. Ni miguu."

Daktari anarudia hesabu. Anapapasa mbavu za Sajini, mapaja, uti wa mgongo. "Ishirini na tisa," anasema. "Kilo mbili zimerudi. Na hapa nyuma kuna nyama."

Mjomba anavua kofia, anaivaa tena, anageuka kuutazama ukuta. Baadaye atasema ni vumbi la gunia lililomwingia machoni.

Daktari hakuufungua mkoba wake. Alipoondoka, ofisa ununuzi, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alisogea akiwa ameshika bakuli lenye sampuli ya asubuhi. Alionekana kufurahi kweli, tena alimpiga Mjomba begani.

"Hongera, Mjomba. Sasa hiki kipya, tukiwekee maji tuone kinavyofura?"

Mjomba alifumba macho. Alihema mara moja, mara mbili. Kisha akaingia kwenye chumba chake cha zana na kutoka na kichujio cha jikoni chenye mpini uliofungwa waya. Mkewe alikataa kukirudisha nyumbani baada ya jioni ile, akamwambia kilichochujia chakula cha mbwa kibaki kwa mbwa. Sasa kinaning'inia kwenye msumari pale Kiinua Mgongo, na Mjomba ameapa kwamba hakuna gunia la mbwa mzee litakalompita bila kupita humo kwanza.

Walichuja pamoja, yeye na ofisa, vichwa vimeinama juu ya bomba. Maganda yalibaki rundo. Ofisa aliliminya kwa kidole, akaguna.

"Na lile la dhahabu lilikuwa hivi?"

"Zaidi ya hivi, bosi."

"Na wale wanne bado wanakula hilo?"

"Mpaka leo asubuhi."

Ofisa hakuahidi kitu. Alisema ataongea na meneja, na kwamba pengine msambazaji atakubali kuyachukua magunia yaliyobaki. Mjomba ameshazisikia "pengine" nyingi maishani mwake. Hata hivyo mpango wake ni mmoja: mabakuli yote matano ya Kiinua Mgongo yapate chakula kisichofura, na atakwenda kugonga mlango wa ofisi kila siku mpaka wachoke kumwona.

Maelezo yake yanakatizwa na kishindo cha bati juu ya nondo. Anayegonga ni Sajini. Amemaliza chakula chake, bakuli liko mdomoni, na analipiga mlangoni bila huruma. Kutoka bwenini sauti ya mlinzi aliyeamshwa inapasuka: "Mjomba! Mnyamazishe huyo mbwa wako, watu tumelala!"

"Nanyi lalani, nani kawakataza?" Mjomba anafoka, huku tayari ameshika kata ya chakula na anakwenda mbio. "Mzee wangu ana njaa!"