Mtamba wa Dharura

Miaka ile ya dhahabu, kwetu Kemambo, mwanaume akipata mawe mazuri shimoni alijua akiba ya aina moja tu: ng'ombe. Pesa ya kuweka ndani waliiona si pesa. Shemeji akija kukopa, imeondoka.

Mimi nilikuwa na mimba ya pili. Uzazi wa kwanza ulinitesa mpaka wakunga wakaangaliana, na nesi wa zahanati alinionya: safari hii uchungu ukianza tu, panda gari, nenda hospitali Tarime mjini. Kwa hiyo mume wangu alipouza mgawo wake wa mawe nikamkalisha chini. "Kabla hujawaza mnada, tuseme kwanza tunabakiza kiasi gani."

"Kidogo tu," akasema.

"Kidogo ndiyo ngapi?"

Nikamtajia: gari la kwenda, hospitali, chakula cha atakayenisindikiza, gari la kurudi. Akakuna kichwa. "Mama wee, hiyo si bei ya mtamba mzima!" Nikamwambia basi mtamba huyo atakaa ndani ya kopo. Tulibishana mpaka uji ukapoa, mwishowe akakubali. Nilifurahi, jamani! Kopo nikaliweka juu ya kabati, wote wawili tukijua lilipo.

Siku ya mnada akamwona mtamba mwekundu mwenye mimba, muuzaji ana shida zake, bei ya kutupa. Alirudi anamswaga huku anaimba. Kopo tupu.

"Akiba yako hii hapa," akaniambia akimpapasa mgongo, "tena ina mimba kama wewe."

Nilimpa maneno mpaka kuku wakakimbia uani. Mama mkwe akamtetea mwanawe: "Mwache, ng'ombe ndiyo mali." Nikamjibu, "Sawa mama, lakini dereva halipwi mkia."

Uchungu ulinianza alfajiri, kabla ya siku zake. Mzee mmoja jirani yetu mwenye pikapu, aliyekuwa akibeba mawe ya wachimbaji, alitaka pesa kwanza. Mume wangu akatoka mbio, akarudi anamvuta mtamba, akamfunga penye uzio wa yule mzee. "Kaa naye. Nisipokulipa, ni wako." Mzee akaanza kumkagua: kwato, meno, tumbo. Na mimi niko nyuma ya pikapu nakufa! Nikapiga kelele, "Shikamoo mzee, utamkagua ukirudi!" Ndipo akawasha gari.

Nilipasuliwa, akatoka binti, analia kama ana kesi. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu angetupoteza wote wawili. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikaa chini pale pale sakafuni.

Tuliporudi nyumbani, mtamba naye alikuwa amezaa kwa mwenye gari, ndama jike. Sisi Wakurya, ng'ombe akikaa kwa mtu, maziwa ni ya anayemtunza na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Basi yule mzee, kila nikituma mtu kumuuliza deni lake, anajibu hana haraka, anakunywa maziwa. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Mume wangu alitamba kijiji kizima kwamba amepata wawili kwa mpigo, na mgawo uliofuata ulipotoka akalipa gari na deni la hospitali, akaja na ng'ombe wake na ndama.

Ndama alipoacha kunyonya, siku ya mnada mume wangu aliondoka naye asubuhi. Kwetu mtu hauzi ndama jike; huyo ndiye boma la kesho. Mama mkwe alilia kama yuko msibani. Jioni mume wangu akarudi bila ndama, akasimama akimtazama binti yetu anavyotambaa, kisha akanipa pesa yote. "Ya gari," akasema.

Nilimkumbatia mbele ya mama yake, aibu ikakaa pembeni. Nikaingia ndani, nikatoka.

"Umeiweka wapi?"

"Sikuambii."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Vizuri, mke wangu. Hata nikikupigia magoti siku ya mnada, usiniambie."