Mapishi ya Kifungo

Siku dada yake alipozikwa, Doto hakulia. Walikuwa pacha. Kurwa alitangulia kidogo tu kuzaliwa, lakini kwa kutangulia huko alimwita "mdogo wangu" mpaka wote wawili wakaota mvi. Majirani walinong'onezana kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa, wakangoja. Mshindo haukuja. Kesho yake Doto alifungua duka lake la dobi, akajaza maji kwenye pasi, akaanza na kola kama kawaida, kisha mabega, kisha mikono. Shati moja alilipiga pasi, akalikunja, akalikunjua, akalipiga tena, mpaka mwenyewe alipolifuata akauliza kama lina kasoro.

"Halina," Doto akasema.

Kurwa aliacha binti mmoja, mwenye mume na mtoto mchanga, na kijibwa cheupe kisichomzidi paka kwa ukubwa, jina lake Kifungo. Nyumba aliyopanga binti haikuruhusu mbwa. Basi Kifungo akahamia kwa Doto, pamoja na mfuko wa chakula kikavu cha dukani, kile cha punje punje.

Doto akawa anammiminia punje asubuhi na jioni. Kifungo alinusa, akatafuna mbili tatu, akaenda kujilaza mlangoni. Doto hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikula kwa kuwa saa ya kula imefika.

Jioni moja mke wa kinyozi, jirani yake, alimletea mchuzi wa nyama. Doto alikula kidogo, uliobaki akaumwaga juu ya punje, vitunguu na vyote. Kifungo alilamba bakuli mpaka likahama mahali pake. Asubuhi alikuwa ametapika. Siku zilizofuata akalegea, fizi zikapauka. Doto akamlaza kwenye kikapu cha nguo, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole mwenye miwani.

"Mzee, alikula nini?"

"Mchuzi."

"Ulikuwa na kitunguu?"

"Mchuzi gani hauna kitunguu?"

"Basi ndicho hicho. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Na huyu ni mdogo, kidogo chetu kwake ni kingi."

Hakumgombeza. Alimweleza kwamba punje ndizo ziwe chakula chenyewe. Cha kupika kiwe cha kumtia hamu tu, kidogo juu yake, bila chumvi, bila viungo, bila mifupa. Kisha akamlaza Kifungo kwa matibabu. Doto akarudi dukani na kikapu kitupu, akapiga pasi mashuka. Alijipapasa moyoni kutafuta hofu, hakuikuta. Hilo ndilo lililomsumbua kidogo: mbwa wa Kurwa anakufa kwa mkono wake, na kifuani hapasemi kitu.

Kifungo akapona. Jumapili mpwa wake akaja, mtoto mgongoni.

"Mjomba, mama alikuwa anampikia. Hukujua?"

"Sikujua."

"Kuku wa kuchemsha, kipande cha boga, wali kidogo. Anaviponda kwa uma, vikipoa anachanganya na punje. Nilikuwa namtania kwamba mimi mwanawe sikuwahi kupondewa."

Wakaingia jikoni. Doto akamenya boga, mpwa akachambua kuku mfupa kwa mfupa. Harufu ya boga ilipopanda, binti aligeukia dirisha, mabega yakawa yanatikisika. Doto alijua inavyopasa. Akamwekea mkono begani. Mkono ukakaa pale kama nguo iliyoanikwa.

"Mjomba, wewe hulii?"

"Nakingoja kilio. Hakiji."

"Labda hakitakuja."

"Labda."

Akachota kijiko kwenye sufuria, akaonja. "Kimekolea," akasema.

Mpwa akafuta macho, akamtazama. "Hakina chumvi, mjomba. Hata chembe."

"Ah. Sikutambua."

Binti alipakua wali ule ule na kuku kwenye sahani, akanyunyiza chumvi, akaiweka mezani. "Kula hapa, nikikuona." Doto akala akamaliza.

Tangu hapo akawa anampikia Kifungo. Kinyozi alimtania kwamba mbwa ameoa mpishi. Kifungo akanenepa, daktari akaagiza boga na kuku vipunguzwe, vikapunguzwa. Kila Jumapili mpwa alikuja, wakapika sufuria mbili, ya mbwa na ya watu.

Jumapili moja hakuja. Alipiga simu kwamba mtoto ana homa. Doto alipika vilevile. Akamlisha Kifungo, akamfungia ndani, akafunga sufuria ya pili kwa kitambaa, akaenda kwa binti, ghorofa ya tatu. Mpwa alipofungua mlango alimkuta anahema, jasho linamtiririka, mchuzi umemwagikia shati.

"Mjomba, umekimbia ngazi zote hizi? Kuna nini?"

Doto akaangalia chini alikotoka, kama anayeziona ngazi zile kwa mara ya kwanza.

"Hakuna kitu," akasema. "Homa imeshuka?"

"Imeshuka."

Akampa sufuria, akavua viatu, akaingia.