Mzee Asisumbuliwe

Katika kituo kile cha kufuatilia simba, neno "simba" halikutamkwa redioni. Redio haina mlango. Walikuwapo watu wa nje walioisikiliza, na si wote waliowatakia wanyama mema. Kwa hiyo dume aliitwa Mzee, jike aliitwa Mama, na wadogo waliitwa watoto basi. Mgeni angesikia "Mama amehamisha watoto, Mzee kalala njiani" na kudhani ni ukoo mmoja wenye vituko.

Aliyeizoea lugha hiyo kuliko wote alikuwa mtu mmoja mrefu, mkimya, ambaye wenzake walimpachika jina la Darubini kwa sababu hakuivua darubini yake shingoni hata wakati wa kula. Kwao alikuwa kifungua mimba. Kazi yake ilikuwa kuwajua simba kwa sura, kwa vidoa vya kwenye mashina ya sharubu, ambavyo vinatofautiana kwa kila simba, na kujua nani yu hai na nani hayupo tena. Kuwalisha hakukumhusu. Kanuni ya kituo ilikuwa kwamba simba aliyenaswa na mtego wa binadamu aitiwe daktari, kwa sababu aliyemuumiza ni binadamu. Aliyeshindwa na umri, au na simba wenzake, aliachwa kwa Muumba wake.

Kiangazi hicho Darubini alikuwa akimfuata dume aliyepinduliwa. Madume vijana wawili, ndugu, walikuja kutoka upande wa mto wakampiga, wakamfukuza, kisha wakawaua watoto wake wachanga mmoja baada ya mwingine. Ndivyo madume wageni wafanyavyo, ili majike wapate joto upesi na kuwazalia wao. Darubini aliyaona yote akiwa ndani ya gari, injini imezimwa. Akaandika saa daftarini. Kazi ilikuwa imemtia ganzi, wala haikuwa roho mbaya. Mtu anayetaka kurudi kesho kuangalia tena hawezi kulia leo.

Nyumbani nako baba yake alikuwa mgonjwa. Alikuwa seremala, na sasa alilala chumba cha nyuma kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, akihudumiwa na mkewe na binti yake, mdogo wake Darubini. Porini simu haikushika. Dada mtu alikuwa akipiga simu ofisini, na mama wa redio, aliyeongea na magari yote ya porini, akimpelekea kaka yake ujumbe. Darubini alikuwa ameomba likizo, akaambiwa asubiri mwenzake arudi. Alichokitaka ni kimoja tu: amkute baba yake akiwa bado anaweza kusema.

Siku moja yeye na dereva walimkuta yule dume chini ya kichaka, mbavu nje, meno yamekwisha.

"Huyu kala chumvi nyingi," dereva alisema.

"Chumvi anayo. Nyama ndiyo hana."

"Si atafute hata nungunungu?"

"Nungunungu atamjaza miba usoni, afe vibaya zaidi. Peke yake akibahatika atapata kobe."

"Simba kula kobe! Kaka, huko si ni kuaibisha ukoo?"

"Wewe ukikaa siku nne na njaa, utaulizia ukoo?"

Dereva alicheka mpaka akajiziba mdomo, maana dume alikuwa ameinua kichwa. Hapo redio ikakohoa. Nusu ya kwanza ya maneno ililiwa na mikwaruzo. Iliyobaki ilisikika vizuri.

"...Mzee hali kitu tangu jana. Wanauliza wampeleke kwa daktari, au wamwache?"

Darubini alimtazama dume. Ni kweli, hakuwa amekula. Alidhani wakubwa wa makao makuu, waliopata taarifa zake, wameingiwa na huruma, kama walivyofanya mara moja au mbili huko nyuma.

"Daktari wa nini?" alijibu. "Huo ni uzee tu. Mwacheni apumzike. Mzee asisumbuliwe."

"Nimekupata," mama wa redio alisema. "Nitawaambia."

Asubuhi yake walirudi pale kichakani. Dume alikuwa hajahama. Nzi walimjaa machoni na hakuwafukuza, lakini ubavu ulikuwa ukipanda na kushuka. Redio iliita, safari hii bila mkwaruzo hata mmoja.

"Darubini, pole sana, ndugu yangu. Mzee ametutoka."

"Hajatoka," Darubini alisema. "Niko naye hapa. Anapumua."

Dereva alimgeukia, akatazama chini.

"Baba yako," mama wa redio alisema. "Nasema baba yako mzazi. Alfajiri hii. Mungu amlaze pema."

Darubini alishika kile chombo cha kuongelea, asikibonyeze. Kisha akakibonyeza.

"Na jana? Yule wa jana alikuwa nani?"

"Jana? Si nilikwambia ni ujumbe wa dada yako? Nikampa majibu yako vilevile ulivyosema."

Dereva aliwasha gari bila kuambiwa. Njiani hakuleta utani wake. Darubini alitazama nje, akaona swala, akaona kwamba majani yamekauka upande mmoja wa barabara kuliko mwingine. Alijaribu kusali, akapata maneno ya mwanzo tu, akayarudia hayohayo. Mungu husikia hata ya mwanzo.

Nyumbani alikuta viti vimetolewa nje na majirani wanasogea kumpisha. Mama yake alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umefika, mwanangu. Tulikusikiliza. Ulisema asisumbuliwe, hatukumsumbua. Amekwenda akiwa kitandani kwake, bila sindano wala mirija. Kila anayekuja namwambia, mwanangu ndiye aliyenipa nguvu."

Darubini aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya mama, mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, amefunga khanga kiunoni, hakumkaribia. Alipoingia jikoni, Darubini alimfuata.

"Usinipe pole," mdogo wake alisema. "Mimi nilitaka apelekwe. Gari la jirani lilikuwa limeshawashwa, kaka. Limewashwa! Mama akasema, mkubwa amesema aachwe. 'Huo ni uzee tu.' Hivyo ndivyo baba anavyosemwa? Kama ng'ombe?"

"Sikuwa namsema baba."

"Ulikuwa unamsema nani?"

Akamweleza. Mambo ya redio, mikwaruzo, dume aliyepinduliwa, kanuni ya daktari. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama kichekesho kibaya. Mdogo wake alimkazia macho kama anayemtafuta mtu mwingine usoni pake.

"Simba," alisema mwishowe. "Baba yangu amejibiwa majibu ya simba."

"Ndiyo."

"Angepona?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mama unamwambia wewe. Mimi siwezi. Ukinyamaza nitakuchukia, na nitajua ni dhambi, na bado nitakuchukia."

Mama alikuwa chumba cha nyuma, peke yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, akiondoa mashuka kitandani baada ya mwili kutolewa. Darubini alisimama kando akamwambia. Hakuongeza wala kupunguza. Alijua kwamba anamnyang'anya kitu pekee alichobakiwa nacho, na hakusikia uchungu popote mwilini.

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua, mama."

"Ungejua ungesemaje?"

Alifikiri. "Ningesema mpelekeni. Kisha ningeacha kazi nikaja."

Nje mtu alianza wimbo wa dini, wengine wakaitikia kwa sauti za chini. Darubini alisubiri mama alie, au amfukuze. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nitakukasirikia," mama alisema. "Leo sina nafasi. Shika huku."

Akampa ncha mbili za shuka. Darubini akavuta upande wake, mama akavuta wake, shuka likakaza katikati yao. Wakalikunja, wakachukua la pili.