Bati Lililong'olewa

Kitongoji chetu kiko pembeni ya Shanwe, mahali mji wa Mpanda unapoishia na mashamba yanapoanza. Hapa mpunga huanikwa uani juu ya turubai, na utaratibu ni rahisi: wingu likitanda, aliyepo nyumbani anaanua wake, kisha anakwenda kuanua wa jirani asiyekuwepo.

Nilipohamia hapa kufundisha sikuujua. Nilizungushia nyumba uzio wa mabati, nikaweka geti na kufuli. Msimu wa kwanza nilianika mpunga wote, chakula chetu cha mwaka mzima, nikafunga geti nikaenda sokoni. Mvua ikanikuta huko.

Nilirudi mbio nikiamini mpunga umeshaloa. Nikakuta bati moja la uzio limeng'olewa, na mpunga uko barazani kwenye magunia, mkavu. Jirani yangu, mama wa Kisukuma, alikuwa amelowa chapachapa, yeye na majirani wengine.

"Mwalimu, kufuli lile ulimfungia nani?" akauliza. "Mvua?"

Wenzake wakacheka. "Bati lako tutaligongelea kesho," mmoja akasema.

"Liacheni tu, mama," nikasema.

Mpaka leo tunapita kwenye pengo hilo. Ukihamia kwetu, jenga uzio ukipenda, ila ukianika mpunga usifunge geti.