Nusu Mzunguko Kila Jumatatu

Mume wangu alikuwa na mke mwingine, na nilimjua vizuri: kompresa ya kiwanda cha mbolea. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kuisukuma hewa ya ukaa ikutane na amonia kwenye joto na mgandamizo mkali, ndipo ipatikane urea, ile mbolea nyeupe ya chembechembe. Gesi ya kutengenezea amonia ilipokatika, kiwanda kikafungwa na wafanyakazi wakatawanyika. Akabakishwa mume wangu pamoja na mlinzi wa getini.

Kila Jumatatu, miaka sita, aliizungusha shafti, ule mhimili wa chuma wa kompresa, kwa mkono, nusu mzunguko, kisha akaweka alama ya chaki. Shafti nzito ikilala upande mmoja muda mrefu hupinda. Alirudi nyumbani mabega yakimuuma, na mimi ndiye wa kuyakanda. Mke mwenza alale, dawa nipake mimi!

"Wenzangu wakirudi waikute nzima," alisema.

Zamu yao ilikuwa ya watu wanane. Alinisimulia habari zao hadi nikawajua kuliko mashemeji zangu: Fundi Pampu na utani wake usiosemeka mbele ya wakwe, dada wa maabara aliyepima unyevu wa chembe kila saa huku akiwagombeza wote. Aliwakumbuka mno. Mara nyingi tonge lilimbaki mkononi katikati ya kula, nami nikajua yuko nao.

Subira huvuta heri; mwaka huu gesi ikarudi. Aliipiga pasi ovaroli yake mwenyewe, mtu asiyejua hata pasi inawekwa wapi. Kompresa ikawaka bila kutetemeka, wahandisi wakampa mkono.

Jioni nikamuuliza, "Haya, bwana harusi, ilikuwaje?"

"Imewaka vizuri."

"Na wenzako?"

Akavua viatu taratibu. Kampuni ilikuwa imeajiri vijana watupu. Alikuwa amempigia Fundi Pampu palepale kwenye mashine, akaiinua simu ili asikie muungurumo. Fundi Pampu akacheka, kisha akalia, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi siku hizi hata ngazi ya nyumbani napandishwa."

Nikakaa karibu naye. Utani wote ulikuwa umeniisha.

"Wale vijana hawana neno," alisema. "Wananiita mzee, wananipa kiti." Akanitazama. "Mke wangu, mashine sikuwa na shida nayo. Nilikuwa nawawekea wenzangu nafasi yao."